Kaboni Juu ya Plastiki: Mjadala Kutoka Gereji za Ndeeba

Kampala inatunza magari mpaka yazeeke. Tangu mwaka 2018 sheria inakataza kuingiza Uganda gari lililofika miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, lakini yaliyotangulia bado yanatembea, na yanayoshuka leo yakiwa na miaka 10 au 12 yatatembea muda mrefu. Injini hutengenezeka. Plastiki ndiyo inayomtia mwenye gari aibu kwanza: bampa limepauka kwa jua la ikweta, grili imekatika kishikio, kava la saidi mira limekwanguliwa na mpini wa bodaboda kwenye foleni. Zamani jibu lilikuwa rangi. Sasa wapo vijana wanaoagiza kitambaa cha nyuzi za kaboni na kukibandika kwa epoksi juu ya plastiki ileile, nyumbani, kwa brashi na mkasi.

Sauti zinazofuata nimeziunda mimi, lakini hoja zake atazitambua yeyote anayeshinda kwenye gereji za Ndeeba, Katwe au Kisekka. Fundi wa bodi alikijua Kiswahili kambini, akiwa mtoto wa askari. Mhandisi ni dada aliyesomea malighafi, na Kiswahili alikipata shuleni Kenya. Kijana ana Subaru. Mama ndiye mwenye nyumba anakopanga kijana, Mganda aliyefanya biashara ya mpakani miaka mingi. Msimamo wangu nausema mapema: kazi hii inastahili kufundishwa na kuheshimiwa, na kinachoiharibu ni mteja kuuziwa sura akidhani ananunua nguvu.

KIJANA: Mzee, nimeamua. Bampa la mbele, grili, makava ya saidi mira na ile plastiki ya dashibodi, vyote navifunika kaboni. Kitambaa nimeshaagiza, epoksi na hadina yake ninayo. Kaboni ni nyepesi na inashinda chuma kwa nguvu. Gari litapungua uzito, na boda ikinigonga bampa halitapasuka tena.

MHANDISI: Kaka, bampa lako unalitoa?

KIJANA: Silitoi, nalifunika.

MHANDISI: Basi uzito unaongeza. Kitambaa cha kawaida cha kazi hii kina gramu 200 hivi kwa mita moja ya mraba. Resini ya kukilowesha inakaribia uzito huohuo, na bado kuna mpako wa chini wa kukishikisha na mipako ya juu ya kukilainisha. Ukipima mwisho wa kazi utakuta nusu kilo au zaidi kwa kila mita ya mraba, juu ya bampa lilelile. Waliofaidika na wepesi wa kaboni waliondoa kitu kingine kwanza. Mwaka 1981 McLaren waliingiza kwenye Formula One gari la MP4/1 lililobuniwa na John Barnard. Kiunzi anachokaa dereva kilikuwa cha kaboni badala ya alumini, na iliyowasaidia kukitengeneza ni kampuni ya Hercules ya Utah, Marekani. Pale nyuzi zilibeba mzigo. Zako zitabebwa na plastiki.

FUNDI: Hayo ni kweli, dada, lakini unamhukumu mteja wangu kwa kesi ambayo hajaileta. Miaka yote napuliza rangi. Praima ina uzito, rangi ina uzito, klia ina uzito, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza gari limeongezeka gramu ngapi. Mtu anataka gari lake lipendeze. Na kaboni ya kweli inapendeza kwa namna yake: ukisogea hatua moja, mstari uliokuwa mweusi unang'aa na uliokuwa unang'aa unazama. Stika ina picha ya nyuzi. Hapa nyuzi zenyewe zipo, na mwanga unaingia mpaka chini ya resini ndipo unarudi.

KIJANA: Kwa hiyo unakubaliana naye kwamba si nguvu?

FUNDI: Kava la saidi mira litakuwa gumu kidogo kuliko lilivyokuwa. Lakini hukuja kwangu kwa sababu saidi mira yako ni dhaifu, mwanangu. Ulikuja kwa sababu imechubuka.

MWANDISHI: Nakaa upande wa fundi hapa, na sioni haya. Urembo wa gari una historia ndefu katika Afrika Mashariki, na fundi anayetoza pesa kwa urembo huku akiuita urembo hajamdhulumu mtu. Nilimwomba aeleze kazi yenyewe, kwa sababu ndani ya kazi ndimo ubishi unamokaa.

FUNDI: Kipande unakifungua kwenye gari kwanza. Unaosha mafuta yote, hasa kama mwenye gari amekuwa akipaka zile dawa za kung'arisha plastiki, maana silikoni yake itaifukuza resini na utabaki na vishimo. Unakwangua kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao wote ufe. Epoksi na hadina unachanganya kwa mzani, usikadirie kwa jicho. Tuliozoea poliesta ya faiba hapo ndipo tunapoharibu: poliesta hadina ikipungua inachelewa tu kukauka, lakini epoksi ukikosea kipimo inabaki laini siku zote, na utaikwangua yote kwa mkono. Mpako wa kwanza unautia rangi nyeusi, ili kitambaa kikifunguka kidogo mahali, plastiki ya chini isionekane. Halafu unangoja.

MWANDISHI: Ustadi wote umo katika kungoja huko. Fundi anagusa mpako kwa kifundo cha kidole chenye glavu. Glavu ikitoka imechafuka resini, bado mbichi. Isiposhikwa kabisa, amechelewa. Anachokitafuta ni mnato unaoishika glavu kisha unaiachia bila kuacha alama juu yake. Maelekezo ya chupa huandikwa kwa joto la nyuzi 20 hivi. Kampala mchana hupita hapo, kwa hiyo saa ya kwenye chupa haimsaidii, kidole ndicho kinachomsaidia. Mpako ukifika hapo, kitambaa kinalazwa kikavu kuanzia katikati kwenda kingoni, na kikikosea bado kinabandulika na kulazwa upya. Kimefumwa kwa mshazari, na kingo zake hufumuka ukizitazama tu, ndiyo maana fundi hubandika tepu kwanza pale atakapokata, kisha hupitisha mkasi katikati ya tepu. Kwenye kona ya kava la saidi mira kitambaa hukubali kuvutwa kimshazari mpaka kikumbatie umbo. Ukikivuta kupita kiasi mistari inapinda, na mistari iliyopinda haifichiki tena kwa lolote utakalopaka.

FUNDI: Kingo unazikunjia kwa nyuma. Unapaka epoksi safi juu, unasubiri ishike, unapaka tena, mara mbili au tatu, mpaka nyuzi zizame. Unaacha mpaka kesho. Kisha msasa wa maji, 400, taratibu. Tazama maji yanayotoka: yakiwa meupe unakata resini, yakiwa meusi umefika kwenye nyuzi. Ukiona weusi simama hapohapo, paka tena, uanze upya. Mwisho klia ya gari, ile ya kuchanganywa, kwa sababu epoksi ikiachwa uchi juani inageuka njano na kuwa kama chaki. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari na jua linasimama utosini. Bila klia, kazi hiyo haifiki mbali.

MHANDISI: Kazi ya fundi siipingi hata kidogo. Napinga bampa. Kaka, lala chini ya gari lako utazame nyuma ya bampa. Utakuta herufi zimepigwa kwenye plastiki. Kwenye kava la saidi mira na grili mara nyingi ni plastiki ya ABS, na ABS ikikwanguliwa vizuri inashika epoksi. Kwenye bampa utakuta PP, pengine PP na EPDM. Hiyo ni polipropilini iliyotiwa mpira ili inyumbulike. Dondosha tone la maji juu yake baada ya kuiosha: tone linajikusanya, halitandazi. Resini nayo inakataliwa vilevile. Utaona imekauka, imeng'aa, umepiga picha, na baada ya miezi unaingiza ukucha kwenye ukingo na ganda zima linainuka.

FUNDI: Nimepaka rangi mabampa hayohayo ya PP na hayajabanduka. Kuna praima ya plastiki. Na wapo wanaopitisha moto wa gesi juu juu, haraka, bila kuyeyusha, na maji yakimwagwa baada ya hapo yanatandaa.

MHANDISI: Na wanafanya sawa kabisa. Moto ule unabadilisha uso wa plastiki, viwandani pia wanautumia. Lakini rangi ya bampa hutiwa dawa ya kuifanya inyumbulike pamoja na plastiki. Ganda la kaboni halinyumbuliki, wala halitanuki. Fikiria gari jeusi limeegeshwa mchana kutwa bila kivuli. Asubuhi bampa lilikuwa na nyuzi 20, mchana linapita 60. Bampa la mita moja na nusu, kwa plastiki ya aina hiyo, linarefuka milimita 4 mpaka 6. Kaboni juu yake karibu haisogei. Milimita hizo zinavutana kwenye gundi kila siku ya Mungu, na epoksi iliyokaushwa bila tanuri huanza kulegea kwenye joto hilohilo la nyuzi 50 au 60. Kava la saidi mira lina urefu wa kiganja kimoja na nusu, mvutano wake ni mdogo. Ndiyo maana nakubali saidi mira na nakataa bampa.

KIJANA: Na boda ikinigonga?

MHANDISI: Leo boda ikikugonga bampa linabonyea na kurudi. Likipasuka, fundi analishona kwa waya wa moto na kulichomelea, kesho uko barabarani. Likifunikwa kaboni halibonyei. Linavunjika kwa kingo kali, na mwenye boda yuko pale na goti lake. Halafu fundi hawezi kulichomelea tena, kwa sababu nyuzi na epoksi haziyeyuki.

MWANDISHI: Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyonigeuza kuhusu mabampa, maana nilipoanza kuuwaza mjadala huu nilidhani ubishi uko kwenye gundi peke yake. Bampa la plastiki lilibuniwa lijeruhiwe badala ya mtu. Katika mji ambao bodaboda hupenya katikati ya magari siku nzima, kuligeuza ukuta mkavu ni kubadilisha kazi yake bila kumuuliza anayepita kando yake.

KIJANA: Basi dashibodi. Ile haigongwi na mtu.

FUNDI: Pale kwenye herufi za SRS usiguse! Hilo nakwambia hata kabla ya injinia. Mfuko wa hewa uko chini ya kifuniko, na kifuniko kile kimedhoofishwa makusudi ili kipasuke kwenye mstari wake. Ukikifunika kaboni, siku ya ajali ama hakifunguki kwa wakati, ama kinaruka vipande vipande usoni mwa mwenzako aliyekaa kushoto. Usukani hivyohivyo. Fremu ya redio, kingo za vipenyo vya hewa, pale karibu na gia: hapo sawa.

MHANDISI: Na kile kipezi cha antena juu ya paa ukiache. Kaboni inapitisha umeme. Ukiifunika antena, redio itakoroma.

MAMA: Mimi nimesikiliza magari muda wote. Sasa nataka kusikia kuhusu nyumba. Huyu anasema atafanya wapi?

KIJANA: Chumbani, Mama. Jumamosi, nikifungua dirisha.

MAMA: Chumba kile kina mlango mmoja na dirisha moja. Ukuta wa pili analala mtoto mchanga. Juu ya ukuta, chini ya mabati, kuna uwazi, harufu ya mandazi ya jirani yako unaisikia alfajiri. Hiyo dawa yako itaishia kwako?

MHANDISI: Mama amegusa penyewe. Hadina ya epoksi ikigusa ngozi mara nyingi, siku moja mwili unaikataa. Mikono inawasha na kutoa malengelenge, na baada ya hapo hata tone dogo linarudisha yaleyale, miaka yote. Fundi mzuri anaweza kupoteza kazi yake hivyo. Vumbi la msasa lina vipande vya nyuzi vyenye kipenyo cha mikroni 7 hivi, wakati unywele wa binadamu hufika 70. Vinachoma ngozi na kukwaruza koo, kwa hiyo unakwangua kwa maji na unavaa barakoa ya vumbi hasa, ile ya kitambaa haitoshi. Na klia ya kuchanganywa ndiyo mbaya kuliko vyote ukiipuliza, kwa sababu hadina yake ina isosayanati inayoleta pumu. Hiyo haipulizwi kwenye chumba cha kulala, hata madirisha yakiwa kumi.

FUNDI: Na mabaki. Nimeona mtu ameacha epoksi robo tatu ya kikombe cha plastiki, akaenda kula. Epoksi ikiwa nyingi mahali pamoja inajichemsha yenyewe. Kikombe kilipinda, kikatoa moshi mweupe. Hapo ilikuwa sakafu ya saruji. Ingekuwa godoro sijui. Ikibaki imwage kwenye sinia pana, itapoa.

MAMA: Basi chumbani hakuna. Mkataba wa nyumba yangu unasema kulala na kupika.

MWANDISHI: Kijana hakuwa na jibu, na sidhani lipo. Neno "nyumbani" lililomo kwenye video nyingi za kazi hii lina maana ya gereji pembeni ya nyumba, yenye mlango mpana na mtu mmoja ndani. Katika nyumba za kupanga za Bwaise au Katwe, nyumbani ni ukuta wa watu wengine. Kazi ihamie gereji, penye upepo, na kijana alipie nafasi au amsaidie fundi msasa kama malipo. Atajifunza vizuri zaidi hapo.

MHANDISI: Kuna jambo jingine ambalo nimelibeba moyoni. Tunaagiza kitambaa kutoka ng'ambo ili tukitumie kama urembo, na sisi tunacho kitambaa chetu ambacho kimeshajaribiwa na epoksi. Mwaka 2015 Samson Rwawiire, Mganda wa Chuo Kikuu cha Busitema, pamoja na wenzake wa Liberec katika Jamhuri ya Czech, walichapisha utafiti wa kulowesha lubugo kwa epoksi ili kutengeneza dashibodi za magari. Lubugo hasa, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Nguvu waliyoipima ilipita kiwango kinachotakiwa kwa dashibodi.

FUNDI: Lubugo? Linanyonya resini hilo. Halijafumwa, nyuzi zake zimeshikana kila upande. Kwenye kona lingekubali kuliko kaboni, hakuna mstari wa kupinda. Na rangi ile ya udongo chini ya klia... Ningependa kujaribu.

MAMA: Ssebo, baba yangu alizikwa ndani ya lubugo. Babu yangu pia. Kule kwenye makaburi ya Kasubi, ndani ya nyumba ya Muzibu Azaala Mpanga, pazia linalotenganisha watu na mahali wanapopumzika makabaka wa Buganda ni lubugo. Wewe unataka kuliweka karibu na gia, watu wamwagie soda?

MHANDISI: Mama, nakuheshimu. Lakini Kabaka analivaa akitawazwa, akiwa hai. Na kofia, mikoba na vifuniko vya vitabu vya lubugo vinauzwa mjini kila siku. UNESCO walipoitangaza kazi ya lubugo mwaka 2005 waliitambua kazi ya mikono: gome linavuliwa msimu wa mvua, mti unafungwa kwa majani ya migomba upate kuota gome jingine, mafundi wanaligonga kwa nyundo za mbao chini ya banda. Mafundi hao wanahitaji wanunuzi. Vijana hawabaki kwenye kazi isiyolipa.

MAMA: Wanahitaji wanunuzi, nakubali. Mwulizeni basi mwenye kazi. Wako wazee wa ukoo wa Ngonge, wenye urithi huo. Mkiambiwa na wao kwamba lubugo la biashara ni jingine na la mazishi ni jingine, mimi nani nikatae? Lakini mwende mkiwa hamjakata bado.

MWANDISHI: Mama na mhandisi sikuwapatanisha, na moyo wangu uko pande zote mbili. Nasema hivi: lubugo lililolowa epoksi halirudi tena kuwa lubugo. Haliozi, haliwezi kumfunika mtu. Anayelipeleka kwenye dashibodi anatumia kitu cha thamani kwa namna isiyorudi nyuma, na hilo linatosha kumfanya aombe ruhusa. Upande wa pili, mti wa mutuba unaota gome jipya, kiwanda cha magari cha Kiira Motors kimejengwa Jinja, na ningefurahi kuona ndani ya basi lake la Kayoola kipande kimoja kilichotoka kwenye mti wa Buganda. Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha gari lao la kwanza la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Nchi inayotengeneza magari itahitaji mikono inayojua resini, na kijana anayejifunza kungoja mnato kwenye kava la saidi mira ameanza kuipata mikono hiyo.

KIJANA: Kwa hiyo mnaniachia nini?

FUNDI: Makava ya saidi mira, grili, fremu ya redio. Ulete Jumatatu, vyote vimefunguliwa na kuoshwa. Utakwangua wewe. Bampa tutalipiga rangi.

KIJANA: Na kitambaa kitakachobaki?

FUNDI: Nina kipande cha bampa bovu huko nyuma. PP hiyohiyo. Nusu nitaipitishia moto wa gesi, nusu nitaikwangua tu. Tunalaza kaboni pande zote mbili, tunaweka juu ya mabati mpaka mvua za Novemba ziishe.

MHANDISI: Upande usiopitishiwa moto utabanduka, hilo nina hakika nalo. Upande wa pili sitabisha kabla ya kuuona.

FUNDI: Mimi nasema utashika.

MHANDISI: Ukishika, fundi, tutaugonga kwa mpini wa boda, kwa mwendo wa foleni. Nataka kuona unavunjika vipi.